Saini Arobaini

Tarehe 3 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Goti lake limepona kabisa, isipokuwa siku za kufagia.

Nina habari ambayo ningekupigia simu, kama masikio yako bado yangekuwa yanaelewana na simu. Basi itasafiri siku ishirini na ikifika itakuwa imepoa, lakini uipokee hivyo hivyo: Jumanne nimetoa kidole tumbo. Mimi mwenyewe, mwaka wa pili wa ubingwa, mpasuaji mkuu. Mgonjwa alikuwa fundi wa baiskeli, mwembamba, tumbo gumu kama ubao. Tulifungua, nikavuta ukingo wa jeraha kuelekea kwangu kwa nguvu zote, na chenyewe kilikuwa kimejificha upande wa mbali kabisa, ikabidi niiname juu ya mgonjwa ndipo nikione. Chekundu, kimevimba kama kidole kilichobanwa na mlango. Dakika arobaini, na kikawa bakulini. Profesa alisema, "Haya, angalau leo hatujaua mtu," na kwa Profesa hiyo ni sherehe.

Daftari langu la upasuaji sasa lina saini zake thelathini na nane. Zikifika arobaini nitapelekwa hospitali ndogo ya wilaya kwa miezi sita, bila bingwa wa kuniangalia. Bila hiyo miezi sita hakuna kuingia mwaka wa tatu. Mama ameshawaambia majirani wote, pamoja na wale tusiosalimiana nao.

Wewe ndiye uliyenifundisha kufunga fundo kwa mkono mmoja nikiwa na miaka kumi, kwa michoro ndani ya barua. Nilitaka uwe wa kwanza kujua.

Mpwa wako

*

Tarehe 24 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni na koti mwilini, kisha nikakaa nikaisoma tena.

Unajua kazi niliyofanya huku ugenini. Vyeti vyangu vya upasuaji havikutambuliwa, nikapewa chumba cha chini cha hospitali, kuosha vyombo vya upasuaji na kuvipanga kwenye trei. Miaka ishirini na sita, mpaka nilipostaafu. Niliandaa maelfu ya operesheni ambazo sikuziona hata moja. Kwa hiyo barua ya operesheni naisoma jinsi mtu mwingine anavyosoma ramani ya mji alikozaliwa: napita kila uchochoro, natafuta nyumba ya fulani kama bado ipo.

Ndiyo maana nimekwama mahali pamoja. Anayetoa kidole tumbo husimama kulia kwa mgonjwa. Akisimama hapo, kidole tumbo kiko upande wake, karibu na mkanda wa suruali yake. Wewe umekiona upande wa mbali. Umeinama juu ya mgonjwa ili ukione. Jeraha umelivuta kuelekea kwako.

Mwanangu, ulisimama kushoto. Ulikuwa umeshika vyuma vya kupanulia jeraha, na kisu kilikuwa mkononi mwa mtu mwingine.

Kama nimekosea, nicheke, sema mzee kaisha. Kama sijakosea, niambie ni ngapi kati ya hizo thelathini na nane ulizozifanya kwa mikono yako.

Mjomba wako

*

Tarehe 15 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Hakuna hata moja.

Nimeiandika peke yake ili nisipate nafasi ya kuipamba. Sasa nikueleze, na ukitaka kukasirika ukasirike mwishoni.

Tuko madaktari kumi na wawili tunaosomea ubingwa, na meza inayofanya kazi ni moja. Ya pili taa yake ilikufa kabla sijafika. Profesa anakata, bingwa msaidizi anashona ndani, na mmoja wetu anaruhusiwa kushona ngozi kama Profesa hana haraka. Profesa ana haraka siku zote. Sisi tunaandika historia za wagonjwa wake, tunaandika karatasi zao za kuruhusiwa, tunakimbiza damu maabara, tunachapa hotuba zake. Ijumaa tunapanga foleni nje ya ofisi yake na madaftari yetu. Anasaini bila kusoma: huyu operesheni tatu, huyu nne, kulingana na mtu alivyojituma wiki hiyo. Kila saini inasema kwamba mwenye daftari alikuwa mpasuaji mkuu. Wenyewe tunaiita kunyonyeshwa.

Niliwahi kumwomba. Nilimwambia mezani, "Profesa, naomba leo nikate mimi."

Akanitazama juu ya miwani. "Una haraka ya kwenda wapi, binti? Kwani saini umekosa?"

Chumba kizima kikacheka, pamoja na mgonjwa, maana alikuwa amechomwa ganzi ya mgongo tu na masikio yake yalikuwa mazima.

Saini mbili zilizobaki nilizipata Ijumaa iliyopita. Naondoka tarehe 2 Mei. Nikikataa, nafasi anaichukua mwenzangu tunayemwita Kipaza, ambaye hajawahi kukata kitu isipokuwa kucha zake. Kwa hiyo wagonjwa wa huko watapata mimi au watapata Kipaza. Mikono yangu inajua mafundo yako yote. Inafunga mguu wa kiti, kamba ya viatu, mpini wa kikombe. Haijawahi kuingia ndani ya mtu.

Nifanye nini? Usimwambie Mama.

Mpwa wako

*

Tarehe 6 Mei

Mwanangu,

Barua hii itakukuta umeshakwenda. Nitaituma kwa mama yako akusafirishie, maana anwani ya huko sina.

Sikukasirika. Niliogopa, na katika umri wangu hivyo viwili vinafanana sana usoni.

Fanya hivi. Usiguse kisu. Kila mgonjwa wa kukatwa mpeleke hospitali ya mkoa, na mganga mkuu akikuuliza sababu, mwambie ukweli. Utaaibika wiki moja. Mgonjwa akikufia mkononi kwa sababu ya daftari la uongo, hutaaibika wiki moja. Nakuambia kama mtu anayejua uzito wa jambo hilo, ingawa sitaki kusema zaidi.

Huyo Profesa wako namjua. Kabla sijaikimbia nchi alikuwa chini yangu, kijana mwepesi, anacheka ovyo. Kama huwezi kumwambia wewe, nitamwambia mimi. Barua hii ikikufikia, nijibu siku hiyo hiyo.

Mjomba wako

*

Tarehe 20 Juni

Mwanangu,

Wiki sita na nusu, kimya. Nimekaa nikihesabu: wiki sita na nusu katika hospitali ndogo ni watu wangapi wanaolazwa mezani? Nilipokuwa huko mimi ilikuwa kama thelathini.

Leo asubuhi nimemwandikia Profesa. Nimemwambia kwamba daftari lako ni la uongo na kwamba saini ni zake. Nimemwambia akuondoe huko kabla mtu hajafa. Nimeandika kurasa nne na nimezipeleka posta mwenyewe, kwa miguu.

Utanichukia kwa muda. Nimelipima hilo.

Mjomba wako

*

Tarehe 18 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ya Mei imenifikia jana! Mama aliiweka chini ya mto wake, akidhani ni ya kusubiri nirudi likizo. Nakujibu siku hiyo hiyo kama ulivyotaka, ila siku hiyo hiyo iliisha nikiwa mezani, kwa hiyo ni kesho yake.

Kaa chini kwanza.

Hapa kuna tabibu mmoja, mama wa makamo. Wanamwita Mama Uzi kwa sababu hatembei bila kibunda cha nyuzi mfukoni. Siku yangu ya kwanza aliletwa mwanamume mwenye ngiri iliyonasa. Nilinawa, nikavaa, nikashika kisu, nikaganda. Nikasema, "Mama, sijawahi."

"Hujawahi ngiri?"

"Sijawahi chochote."

Daftari langu lilikuwa kwenye meza ya nesi. Akaomba afunuliwe kurasa, maana mikono yake ilikuwa imeshatakaswa. Akacheka mpaka barakoa ikamshuka puani.

"Saini arobaini! Mimi sina hata moja na nimefungua nusu ya wilaya hii. Haya, daktari wa karatasi, sogea. Leo unashika. Kesho unashona. Keshokutwa nakushika mkono. Na siku ya nne ukinitazama usoni kuniomba msaada, nakuchapa."

Mjomba, amenichapa kweli, mara moja, begani, kwa koleo. Sasa nimefanya kumi na saba. Ngiri tisa, upasuaji wa uzazi saba na kidole tumbo kimoja, ambacho kilikuwa karibu na mkanda wangu kama ulivyosema. Jeraha moja lilioza na kosa ni langu, nilikaza nyuzi mno. Nimelisafisha kila asubuhi mpaka limefunga, na yule bwana sasa ananiita shemeji. Mtoto wa kwanza niliyemtoa mwenyewe alinikojolea kabla hajalia. Nilisimama pale kama mjinga nikicheka na machozi, mpaka Mama Uzi akaniambia, "Ukimaliza kufurahi, huyu mama bado yuko wazi."

Naziandika zote kwenye daftari jingine, na kila ukurasa una sahihi ya Mama Uzi na namba ya mgonjwa. Mwezi wa kumi na moja nikirudi nitaliweka mbele ya Profesa na kumwomba azifute zile arobaini, anihesabie hizi.

Kitu kimoja tu nakuomba, Mjomba. Usimwandikie mtu yeyote. Kwenye karatasi Mama Uzi ni wa kutibu malaria na kufunga vidonda, hana kibali cha kukata. Mganga mkuu anajua na anatazama pembeni, kwa sababu bila yeye hakuna mwingine. Niache nimalize mwenyewe.

Mpwa wako, mwenye mikono

*

Tarehe 3 Agosti

Kaka Mkubwa,

Tulikuwa tukikuita hivyo sisi wadogo zako mezani, na sikuona sababu ya kutafuta jina jingine.

Barua yako ya tarehe 20 Juni niliisoma kwa heshima na kuipeleka bodi ya mafunzo. Ya pili, ya tarehe 9 Julai, unayoniomba niitupe ya kwanza, ilifika wakaguzi wakiwa wamesharudi. Bodi haina kawaida ya kutupa barua. Binti ameondolewa wilayani. Wakaguzi walikuta pia kuna tabibu anayepasua watu bila kibali, jambo ambalo bila shaka hukulijua ulipoandika mara ya kwanza. Amerudishwa kwenye vidonda vyake. Daftari alilosaini limechukuliwa, kwa kuwa hana mamlaka ya kumsainia mtu.

Katika ukurasa wako wa tatu unaniuliza dhamiri yangu iko wapi. Niliitafuta. Kwenye kabati la chini nikakuta daftari langu mwenyewe la mwaka wa pili. Operesheni ishirini na moja, mwaka ule wa mwisho kabla hujaondoka, zote nikiwa mpasuaji mkuu. Unakumbuka nilisimama wapi katika zote ishirini na moja. Saini ni zako. Ulizisaini zote siku moja, umesimama kwenye korido, na ukaniambia, "Chukua, kijana, utajifunza mbele ya safari."

Nilijifunza mbele ya safari. Wale niliojifunzia sikuwauliza maoni yao kuhusu wewe.

Daftari nimelirudisha kabatini. Hospitali inakushukuru kwa kujali kwako.

Mdogo wako

*

Tarehe 24 Agosti

Mwanangu,

Naambatanisha barua ya Profesa. Imenifikia leo. Isome kwanza, kisha urudi hapa, kama bado unataka kurudi.

Ni kweli. Mwaka ule wapasuaji walikuwa wanaondoka mmoja mmoja, na mimi nilishajua nitafuata. Nilitaka niache nyuma watu wenye karatasi kamili, ili hospitali isifungwe. Niliwasainia wanne kwenye korido, kalamu ikiandika vibaya kwa sababu niliegemeza madaftari ukutani. Sikusahau. Niliiweka mahali ambapo sipiti.

Kuna jingine ambalo yeye halijui. Nilipokuwa naandika zile kurasa nne nilijiambia nawalinda wagonjwa. Labda. Lakini asubuhi ile nilivaa tai. Nilitembea kwenda posta nikiwa na haraka ya mtu anayesubiriwa. Kwa mara ya kwanza tangu nifike ugenini kulikuwa na hospitali mahali fulani ambayo ingefanya nilichosema. Umri wangu ni miaka sabini na minne, na nilitaka kutoa amri. Barua yako ya tarehe 18 ingefika baada ya wiki tatu tu. Sikuweza kuzisubiri.

Ipeleke barua hii ya Profesa bodini. Amejifunga mwenyewe kwa mkono wake. Mimi nitaharibikiwa, haidhuru, huku hakuna anayejua nilikuwa nani. Nami nitaandika kiapo juu ya saini nilizotoa. Niambie tu niandike kwa nani.

Mjomba wako

*

Tarehe 20 Septemba

Mjomba,

Shikamoo.

Unauliza uandike kwa nani. Mwenyekiti wa bodi ya mafunzo ni Profesa. Nilidhani unajua, kumbe ulituma kurasa nne bila kuuliza.

Nianze na habari za wilayani, maana Mama Uzi ameniandikia. Wiki ya pili baada ya mimi kuondolewa alikuja mama mjamzito, mtoto amekaa kimkingamo, bega limetangulia. Ni upasuaji wa nusu saa. Nimeufanya mara kumi na moja. Mama Uzi alikuwa pale na nyuzi zake mfukoni, na kwenye mlango wa chumba cha upasuaji kuna kufuli jipya la wakaguzi. Wakampandisha gari kwenda mkoani, saa nne za njia mbaya. Mama alifika. Mtoto hakufika. Sikuambii ili ulie. Umesema labda ulikuwa unawalinda wagonjwa, nikaona ni haki yako kumjua mmoja wao.

Barua ya Profesa nilimpelekea yeye mwenyewe, ofisini kwake. Sikujua mahali pengine pa kuipeleka. Aliisoma kama ameandikiwa na mtu mwingine.

"Sasa unataka nini, binti? Unataka nianguke, au unataka kukata?"

Nikamwambia nataka daftari langu la wilayani lihesabiwe.

"Halipo."

"Lina operesheni ishirini na nane."

"Halipo, nimekwambia." Akavua miwani, akaifuta kwa shati. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. "Sikiliza. Mimi nikianguka, anayekuja anaanza na kunitafuta mimi, anamaliza na nyinyi kumi na wawili. Meza itafungwa mwaka mzima. Wewe hutakata hapa wala kwingine. Au unarudi mwaka wa kwanza, Jumatatu, na mimi naendelea kuwa mwalimu wako."

Karatasi alikuwa ameshaichapa. Inasema kwamba mimi, kwa akili zangu timamu, nilighushi saini ya Profesa mara arobaini bila yeye kujua, na kwamba naishukuru bodi kwa huruma yake.

Nilifikiria kuondoka. Nilifikiria niende kukaa na Mama Uzi, tufunge vidonda sote wawili mpaka tustaafu. Halafu nikafikiria lile kufuli. Atakayelifungua lazima awe na cheti, na cheti kinapita kwenye karatasi ile, hakuna njia nyingine. Mama anaambiwa na majirani kwamba mwanawe alighushi, naye anajibu kwamba nimeonewa, na hajui ni kwa kiasi gani anasema kweli.

Mjomba, zile arobaini za mwanzo zilikuwa uongo wa watu wote. Uliutoa wewe, akaupokea Profesa, nikaupokea mimi foleni nzima ikinitazama. Huu wa sasa ni wangu peke yangu. Ulitaka niseme kweli kabla sijashika kisu. Nimeambiwa nidanganye ndipo nikishike.

Barua yake niliyompelekea ameiweka kwenye droo. Sikumwomba anirudishie. Usiandike kiapo. Na mimi usiniandikie kwa sasa. Sikuchukii, ila kila bahasha yenye mwandiko wako naiweka kando siku nzima kabla sijaifungua.

Nilichukua kalamu yake, nikasaini. Alinyoosha mkono kunionyesha mahali, nikamwambia aache, napaona. Ndicho kitu cha kwanza nilichofanya katika hospitali hii kutoka mwanzo mpaka mwisho bila mtu kuninyang'anya.

Mpwa wako,
mwaka wa kwanza